Mama Sindano na Mihimili ya Mabawa

Ndugu waombolezaji, majirani na wafanyakazi wenza wa marehemu, mimi ni mdogo wake, wa tumbo moja, niliyemfuata kwa miaka minne, na ingawa katika familia hii wako wanaosoma vizuri kuliko mimi, nimepewa mimi karatasi hizi kwa sababu ndani yake mna jambo ambalo hakuna mwingine awezaye kulisema kwa niaba yangu. Marehemu mwenyewe aliagiza hivyo. Alisema zisisomwe sifa za uongo, na kwamba kuna mtu mmoja ambaye lazima atajwe, nami nitamtaja mahali pake pakifika.

Dada yetu alizaliwa Jumatatu, tarehe 3 Juni 1957, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa fundi baiskeli na mshona nguo, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya mashine ya kusaga nafaka, ambako unga ulitua juu ya kila kitu, hata juu ya mnyororo uliotoka kupakwa mafuta. Alipokuwa na miaka kumi, uma wa baiskeli ya tarishi ulivunjika barabarani na tarishi akang'oka meno mawili, akaja kwa baba kwa hasira, akisema aliuziwa chuma kibovu kilichopakwa rangi mpya. Baba aliukata ule uma kwa msumeno, akamwita dada aangalie ndani, nako ndani kulikuwa na kutu iliyokula chuma hadi kikabaki kama karatasi, ilhali nje rangi inang'aa. Mama alituhadithia kwamba tangu siku hiyo mtoto huyo aligonga kila bomba alilopita karibu nalo, hata miguu ya kitanda, na kwamba wageni walikuwa wakiuliza kama ana tatizo.

Alianza shule ya msingi mwaka 1964 na kumaliza mwaka 1970, akaendelea na sekondari hadi mwaka 1974, na mwezi Januari 1975 akajiunga na chuo cha ufundi, kitengo cha ndege, ambako wasichana walikuwa wawili, na baada ya muhula mmoja akabaki peke yake. Alihitimu Desemba 1977 akiwa wa tatu katika darasa la watu thelathini na wanne.

Tarehe 3 Aprili 1978 aliajiriwa katika kiwanja kidogo cha ndege kilichokuwa na banda moja la mabati na ndege nne za zamani, zilizokuwa na umri mkubwa kuliko yeye, zenye mwili wa mabomba uliofunikwa kwa kitambaa. Msimamizi wa banda alikitazama cheti chake mbele na nyuma, kisha akampa sindano na uzi ashone vitambaa vya mabawa, akisema hiyo ndiyo kazi inayomfaa mwanamke, na mafundi wakambatiza jina la Sindano. Hakugomba. Alishona miaka miwili, mishono myembamba kama ya mama yetu, na kila alipofunua bawa ili ashone, alipata nafasi ya kutazama vitu ambavyo wenzake walivipita.

Naomba mnivumilie nieleze kazi yake, kwa maana bila kuijua hamtamjua. Bawa la ndege hizi liko juu ya paa la chumba cha rubani, nalo hushikiliwa kila upande na mabomba mawili ya chuma yanayotoka chini tumboni mwa ndege na kupanda mshazari hadi katikati ya bawa, na mabomba hayo mafundi huyaita mihimili. Mhimili ukikatika angani bawa hukunjika, na baada ya hapo hakuna ufundi wa rubani unaosaidia. Sasa maji ya mvua huingia juu, penye skrubu, yakateremka ndani taratibu hadi chini kabisa, na kwa kuwa hayana pa kutokea, hukaa hapo miaka na miaka, yakila chuma kutoka ndani, na nje huoni kitu. Dada alilijua hilo tangu kwa baba. Alianza kuitoa mihimili kila kiangazi aliporuhusiwa, na haikuwa mara nyingi, akaiosha, akaikausha, akamimina ndani mafuta ya mbegu za kitani, akaiziba ncha zote mbili na kuigeuzageuza mpaka mafuta yalambe kila mahali, kisha akaining'iniza ichuruzike. Akakagua kwa kioo cha kukuzia ile sehemu ya chini yenye nyuzi za skrubu, akitafuta ufa. Akapaka mstari mwekundu na kuandika USIKANYAGE, na ole wake abiria aliyeweka mguu hapo ili apande, awe mkubwa kiasi gani.

Alikuwa pia na kifaa chenye ncha kama msumari na springi ndani, ambacho ukikibonyeza juu ya chuma kizima huacha alama ndogo tu, lakini juu ya chuma kilicholiwa huzama. Alipita na kifaa hicho ndege kwa ndege kama nesi wa chanjo, ndipo jina lile la kumdhihaki likageuka, wakaanza kumwita Mama Sindano, na marubani wakasema ndege zikimwona zinalia. Mmoja wa marubani hao nilikuwa mimi, niliyeajiriwa hapo tarehe 12 Februari 1986, na dhihaka zangu ndizo zilizokuwa ndefu kuliko za wote.

Siku ya Jumamosi, tarehe 20 Agosti 1983, alifunga ndoa na dereva wa gari la mafuta la kiwanja hicho hicho, shemeji yetu mliye naye hapa, ambaye husema alimposa kwa sababu ndiye mtu pekee aliyemwambia kuwa gari lake linavuja. Mungu aliwajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 9 Mei 1985 na mvulana aliyezaliwa tarehe 30 Novemba 1988.

Sasa nafika penye uzito. Mwaka 1991 mwenye ndege zile alikuwa bwana mmoja aliyependa saa kuliko kitu kingine, nasi tulimwita Bwana Ratiba, ingawa si mbele yake. Mwezi wa nane ndege tuliyoiita Kanga, kwa sababu ya viraka vyake, ilipaswa kushushwa na mihimili yake kutolewa, na dada aliandika hivyo katika daftari la ndege mara tatu, na mara tatu aliambiwa angoje mvua zipite. Alipokataa kutia saini, Bwana Ratiba alimleta fundi wa nje, aliyeizunguka Kanga mara moja, akaisifu rangi, akasaini. Dada alinyamaza. Alikuwa na watoto wawili wadogo, na rubani wa Kanga alikuwa mdogo wake ambaye ndiyo kwanza amepata nyumba ya kupanga, akaona akipeleka jambo hilo kwa wakaguzi wa serikali, sote wawili tutafukuzwa. Hilo la kunyamaza aliniagiza nilisome kama lilivyo.

Alhamisi, tarehe 17 Oktoba 1991, saa moja na dakika arobaini asubuhi, niliruka na Kanga nikiwa na muuguzi na sanduku la damu, kwenda hospitali ndogo iliyo ng'ambo ya milima, mwendo wa dakika hamsini kwa ndege na saa saba kwa gari. Kanga haikuwa na redio. Saa mbili na robo, dada akiwa bandani, alitoa mhimili wa ndege ya pili, pacha wa Kanga, zilizonunuliwa siku moja na kulala chini ya bati moja miaka yote, akabonyeza kifaa chake karibu na ncha ya chini, kikazama hadi shingoni. Mafundi waliokuwepo wanasema hakupiga kelele. Alitazama ukutani, kwenye saa, kisha akaenda ofisini akaanza kupiga simu, na laini ikawa na watu, akapiga tena, na tena, kwa saa nzima, akiwa amesimama.

Mimi nilikuwa nimetua saa mbili na nusu, bila habari, pembeni mwa ukuta wa hospitali. Daktari alikuwa ananingoja na mgonjwa, mwalimu wa miaka ishirini na saba ambaye kidole tumbo chake kilikuwa kimepasuka, na pale hapakuwa na mtu wa kumpasua wala dawa ya usingizi iliyobaki. Tulimlaza katika ndege saa tatu na dakika ishirini, akiwa ameshika mkono wa baba yake kupitia mlangoni. Hapo ndipo karani wa hospitali alipokuja mbio na kikaratasi kilichoandikwa: Dada yako anasema usiruke, mpigie kwanza.

Kwa miaka thelathini na miwili mmesikia hapa na pale kwamba nilipopata ujumbe huo nilitii. Haikuwa hivyo. Nilikisoma, nikakikunja, nikakitia mfukoni na kuwasha injini.

Muuguzi alikuwa bado yuko nje, mguu mmoja juu ya ngazi. Akaniuliza, "Hicho kikaratasi kinasemaje?"

Nikamwambia, "Mambo ya dada yangu. Panda."

"Nisomee."

"Nesi, mgonjwa anakufa."

"Namwona. Nisomee."

Nikamsomea, kwa kupaza sauti juu ya injini, naye akashusha ule mguu, akasema, "Basi mimi sipandi, na mgonjwa wangu haondoki bila mimi. Kapige simu." Akaja akasimama mbele ya bawa, mahali ambapo nisingeweza kusogea bila kumgonga, akakunja mikono. Nilimtukana, ndugu zangu. Nilizima injini kwa hasira, nikaenda ofisini.

Dada alipopokea hakuniamkia. Aliniuliza, "Umezima injini?"

"Nimezima. Una nini wewe? Nina mtu tumbo limepasuka."

"Mhimili wa pacha wake umetoboka, chini, kushoto. Tafuta msumari na nyundo ndogo. Gonga polepole, ukianzia shubiri moja juu ya kiungo, shuka nao kidole kwa kidole. Kila mhimili."

Kabla sijajibu nilisikia mvutano, na sauti ya Bwana Ratiba ikaja, "Rubani, mwajiri wako ni mimi. Ndege ina saini. Mgonjwa akifia hapo ni juu yako. Ruka." Na nyuma yake nikamsikia dada akisema, si kwa kelele, "Mdogo wangu, gonga tu. Ukiwa mzima, ruka, nami nitaacha kazi leo."

Nilirudi na msumari wa inchi nne na nyundo ya fundi seremala wa hospitali. Daktari, karani, muuguzi na baba wa mgonjwa walinizunguka. Nilianza na mhimili wa mbele, kushoto, kwa kuwa ndio uliokuwa karibu, nikagonga, ikabaki alama ndogo juu ya rangi. Nikashuka, nikagonga, alama ndogo. Moyoni nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno nitakayomwambia dada. Nikashuka kidole kimoja tena, na msumari ukaingia wote, bila nguvu, kama unaoingia kwenye boga, na nilipouchomoa yakatoka maji ya rangi ya chai yakanitiririkia mkononi hadi kwenye kiwiko. Nilikuwa nimetoka kuvuka milima na bomba lile.

Baba wa mgonjwa aliuliza, "Kwa hiyo hairuki?"

Nikasema, "Hairuki, baba."

Gari la wagonjwa liliondoka saa nne na dakika tano, likafika hospitali kubwa saa kumi na moja na dakika ishirini jioni. Mwalimu alipasuliwa jioni hiyo hiyo, na Jumamosi, tarehe 19 Oktoba, saa tatu asubuhi, alifariki.

Jumatatu, tarehe 21 Oktoba, dada alikabidhiwa barua ya kusimamishwa kazi kwa kosa la kuingilia safari ya dharura. Maneno yalienea mtaani kwamba Mama Sindano ameua mwalimu, na binti yake, aliyekuwa na miaka sita, alirudi kutoka shuleni akiuliza kama ni kweli. Shemeji alimkalisha, akamwambia, "Mama yako aliwazuia watu watatu wasife, na mmoja akafa. Ukiulizwa, jibu hivyo hivyo, usipunguze." Dada hakutetewa na wengi, na mimi, niliyekuwa nadaiwa kumtetea kuliko wote, nilisema tu kwamba nilifuata maagizo.

Wiki hiyo hiyo baba wa marehemu mwalimu alikuja hadi nyumbani kwake. Nilikuwepo. Alikataa kiti. Dada aliomba ruhusa wakaenda bandani, ambako Kanga ilikuwa imeletwa juu ya lori, akamwonyesha tundu, na yule mzee akatia kidole chake ndani.

Dada akamwambia, "Baba, ndege hii ingeruka, wangekufa wote watatu. Lakini si hilo nililokuitia. Mimi nilijua tangu mwezi wa nane kwamba inapaswa kufunguliwa. Nilizuiwa, nikanyamaza. Ningekaza siku ile, mwanao angepanda ndege nzima."

Mzee akauliza, "Unakiri?"

"Nakiri, baba."

"Na rubani ni nani yako?"

"Mdogo wangu."

"Yuko hai?"

"Yuko hai, huyu hapa."

Mzee alinitazama, akatoa kidole kwenye tundu, akakifuta kwenye shati lake, akasema, "Basi mshukuru Mungu wako," akaondoka, na hatukumwona tena. Dada alirudi nyumbani akalala siku mbili bila kula.

Wakaguzi wa serikali walikuja Jumatatu, tarehe 4 Novemba. Mihimili yote kumi na sita ya ndege nne ilitolewa na kukatwa kwa msumeno kwenye ncha ya chini, na saba kati yake ilikuwa imeliwa, mmoja ukiwa umebaki unene wa ganda la yai. Dada aliandika maelezo yake kwa mkono, kurasa tano, na ukurasa wa kwanza ulihusu kunyamaza kwake mwenyewe. Mkaguzi mkuu alimshauri auondoe, akakataa. Leseni ya Bwana Ratiba ilisitishwa, akauza ndege zake mwaka 1993 na kuhama, na dada alirudishwa kazini Alhamisi, tarehe 2 Januari 1992.

Siku hiyo, wakati wa chakula cha mchana, nilimfuata nyuma ya banda nikamwambia ukweli wa kile kikaratasi. Aliendelea kutafuna. Kisha akasema, "Najua. Nesi aliniambia siku ya pili yake."

"Mbona hukunisema?"

"Nilikuwa nakungoja. Miezi miwili na nusu si mibaya, baba yetu angechukua mwaka." Akafunga chombo chake cha chakula, akaongeza, "Lakini iko siku utawaambia na watu, kwa sababu yule nesi alisimama mbele ya ndege inayowaka, na sifa zake unazila wewe."

Ndugu waombolezaji, siku yenyewe ndiyo hii. Muuguzi huyo ameketi safu ya tatu. Amenikataza nisimsimamishe, nami sitamsimamisha.

Mwaka 1995 dada alifanywa fundi mkuu, cheo alichokishika hadi alipostaafu tarehe 3 Juni 2017, na katika miaka hiyo hakuna mhimili uliokaa misimu miwili bila kutolewa, kukaushwa na kutiwa mafuta, wala ndege iliyoruka kwa saini ya mtu aliyetazama rangi tu. Alifundisha mafundi ishirini na watatu, tisa kati yao wanawake. Alikuwa mkali, wengine mliopo hapa mlilia mkononi mwake, na alikuwa na tabia ya kuomba radhi kwa kukurushia embe au chungwa bila kusema neno. Katika miaka yote hiyo, kila tarehe 19 Oktoba, hakuja kazini, na hakutuambia alikokwenda. Shemeji ameturuhusu kusema kwamba alikwenda kaburini kwa mwalimu, akapalilia, akarudi.

Mwezi Machi 2021 alianza kukohoa, na tarehe 6 Mei mwaka huo madaktari wakagundua kuwa mapafu yake yameharibika, pengine kwa rangi na dawa za vitambaa alizovuta tangu siku za kushona. Alitibiwa kwa moyo mmoja kwa karibu miaka mitatu, akilazwa na kuruhusiwa, na kuanzia Januari mwaka huu alitumia mashine ya hewa.

Ijumaa, tarehe 9 Februari 2024, fundi mkuu wa sasa, binti aliyekuwa mwanafunzi wake, alimtembelea wodini na kumweleza kwamba katika ukaguzi wa mwaka ana mashaka na mhimili mmoja, wa nyuma kulia. Dada aliondoa barakoa ya hewa akamuuliza, "Umeutoa, au umeutazama?"

Akajibu, "Nimeutazama, mama."

"Sasa hapa umekuja kufanya nini?"

Yule binti alicheka, akambusu mkono, akaondoka. Jumapili, tarehe 11 Februari, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na mumewe na watoto wake wawili, dada yetu alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka sitini na sita. Jumatatu mhimili ule ulitolewa ukakatwa, nao ulikuwa mzima kabisa. Mingine mitatu ya ndege hiyo bado haijafunguliwa, na fundi mkuu ameniomba niwaambie kwamba ndege mliyoiona imelala uwanjani leo haikulazwa kwa ajili ya msiba. Haijakaguliwa.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, wajukuu wanne na ndugu watatu. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya mapafu waliomhudumia bila kuchoka hata alipokuwa akikagua magurudumu ya vitanda vyao, majirani waliopika na kufagia nyumba hii tangu Jumapili, uongozi na mafundi wa kiwanja, marubani waliosimama nje kwa kukosa nafasi, na wote mliotoka mbali. Kwa familia ya mwalimu, kama yuko mmoja wao aliyetusikia, hatuna cha kuwapa ila hili, kwamba jina lake halikupita mwaka bila kutajwa nyumbani kwa dada yetu.

Dada, kazi umeiweka chini, nasi tumeipokea. Pumzika sasa, upumzike kwa amani.